Wayaringi ya Shemeji

Jumatano, 2 Julai 2025

Glorious amepigwa na umeme leo. Yuko hai. Amelala, anapumua vizuri. Hilo naliandika kwanza.

Nilikuwa chumba cha kushonea, namalizia sare za kwaya. Nikasikia kitu kimeanguka jikoni — si sufuria, kitu kizito zaidi. Kumbe ni mwanangu. Alitoka kunawa, mikono ina maji, akashika mlango wa friji, likamrusha. Nilimkuta amekaa chini, ameegemea gunia la mahindi, macho wazi, hasemi neno. Kisha akalia. Sijawahi kushukuru kilio kama kile.

Hospitali wamempima moyo, wakamwangalia kwa muda, wakaturuhusu. Daktari anasema ana bahati kwamba lilimrusha. Lingeweza kumshika. Akauliza nyumba ilifungwa umeme na nani. Nikasema shemeji yangu.

Mume wangu Edmund nimempata kwa simu jioni. Yuko mgodini Ngaka na lori, anasubiri kupakia makaa ya mawe. Nikamsimulia yote. Halafu akasema nimwite Aidan.

Alhamisi, 3 Julai

Aidan amekuja asubuhi mapema. Huyu ni mdogo wake Edmund, wa mwisho kwao, ndiye aliyefanya wayaringi ya nyumba hii yote. Hakuanza na nyaya. Alimpakata Glorious, akamgeuza mkono, akaangalia kidole kimoja kimoja. Anampenda, hilo sitalikana hata kwa hasira.

Halafu akalichomeka friji nililolichomoa jana, akaligusa kwa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Akasema tatizo ni friji, nyumba haina shida. Akafungua boksi la meini swichi, akakaza hapa na pale, akaweka breka kubwa kuliko ya zamani ili umeme usiwe unakatika ovyo. Nikamuuliza kama kuweka kubwa ni vizuri. Akacheka. Shemeji, wewe shona, umeme niachie mimi.

Alikula ugali na usipa, dagaa wa ziwani, akarudi kwake. Hela hakutaka.

Mchana nimewasha cherehani. Friji nimelichomoa tena. Nikaegemeza mkono kwenye chuma cha meza — umeme ukanitekenya hadi kwenye kiwiko. Soketi ya pasi ina harufu ya plastiki iliyoungua.

Basi si friji peke yake.

Nimezima kila kitu. Nimetoa pasi ya mkaa darini.

Jumamosi, 5 Julai

Mwalimu Scholastica amekuja kujaribu gauni lake, akanikuta napuliza mkaa. Akashangaa, nikamsimulia. Anasema nyumba za walimu kwao zilirekebishwa na mwanamke anaitwa Agripina. Mzaliwa wa Liuli, kule ziwani, amesomea umeme chuo cha ufundi VETA Songea, ana leseni, amepanga hapa hapa Mbinga. Ameniachia namba.

Sijapiga.

Nimeshika simu mara nyingi leo. Kumwita huyo mwanamke ni sawa na kusimama mbele ya ukoo mzima na kusema Aidan nusura aniulie mtoto. Mke wake, Restituta, kajifungua juzi juzi tu. Mtoto wao wa kwanza. Sasa hivi niwapelekee neno kama hilo?

Lakini Glorious anapita jikoni ubavuubavu, mgongo ukutani upande wa mbali na friji. Kwake mwenyewe!

Jumatatu, 7 Julai — Sabasaba

Edmund amepata mapumziko ya sikukuu. Nilimwacha ale kwanza. Kisha nikamwambia nataka fundi mwenye leseni aipime nyumba yote.

Akasema Aidan atajisikia vibaya. Akasema mama yao atajisikia vibaya. Akasema tungojee kwanza fundi wa friji. Nilikuwa nakunja nguo, sikuinua sauti.

Akasema, "Ni mdogo wangu, Mama Glorious."

Nikamwambia, "Na yule aliyelala pale ni mtoto wako."

Akatoka nje. Alikaa kwenye tofali karibu na mibuni yetu, akizungusha kofia mkononi. Aliporudi akasema nimpigie huyo fundi. Ila kumwambia Aidan ni kazi yake yeye, mimi nisitangulie.

Haki yake. Nimekubali.

Jumanne, 8 Julai

Agripina amekuja na pikipiki yake. Mfupi, buti ngumu, anaongea taratibu kama watu wa ziwani. Niliona aibu kumuuliza leseni. Nilikuwa natafuta njia ya kuzunguka, yeye akaitoa kabla sijafungua mdomo, yenye picha yake, akaniambia niisome. Mteja akiona aibu, anasema, ndipo anapoletewa mtu yeyote.

Alipita chumba kwa chumba na kipimo chake. Alipofungua boksi akaniita. Kuna waya wa kijani na njano, huo ndio wa ethi, kazi yake ni kuupeleka chini ardhini umeme unaovuja. Wetu unatoka kwenye soketi zote vizuri, unafika nyuma ya boksi, umekatwa pale. Hauendi popote! Miaka yote hii tumelala, tumepika, tumenyoosha nguo, na ule waya umejikunja ndani ya plasta kama mjusi.

Breka aliyoiweka Aidan ameitoa papo hapo. Anasema ni kubwa kuliko nyaya zinavyoweza kubeba; waya ungeungua ukutani na breka isingejua.

Nilitegemea amseme aliyeifanya. Hakumsema. Alitazama mabomba ya nyaya yalivyonyooka darini, akasema, "Mwenzangu huyu ana mkono mzuri. Alikosa kumalizia."

Tumekubaliana nini atafanya na nini hatagusa, tumeandika, tumesaini wote. Jikoni na chumba cha kushonea nyaya mpya. Ethi mpya. Na kifaa kinachokata chenyewe umeme ukivuja tu. Anaanza Alhamisi. Hadi hapo meini izimwe.

Jumatano, 9 Julai

Edmund alipita kwa Aidan kabla ya kurudi Ngaka. Nilimuuliza ilikuwaje, akasema amemwambia, basi. Akapanda lori la mwenzake.

Sokoni nikakutana na Restituta, kichanga mgongoni. Nikamsalimia. Akanitazama, akapita. Sijamshika mtoto yule hata mara moja.

Mchana mama mkwe akapiga kutoka kijijini Namswea. Nilimpa shikamoo, hakuitikia, nikairudia. Akasema amesikia nimeleta mgeni, mwanamke, tena wa ziwani, kuja kumpima mwanawe. Akasema Aidan alitufungia umeme bila kudai shilingi, tukakaa kwenye mwanga wake, leo tunamtangaza. Nikajaribu kumweleza habari ya waya. Anasema yeye hajui waya, anajua watoto wake.

Nimelia kidogo. Kisha nimekata kola tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Kazi imeanza. Vumbi la plasta kila mahali, vitambaa nimevifunika na shuka.

Adhuhuri Aidan akatokea. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni pa jikoni, nikajua sasa ni ugomvi. Agripina alikuwa juu ya ngazi. Akamsalimia, akaendelea na kazi.

Aidan aliutazama ule waya wa kijani unaning'inia nje ya boksi. Aliutazama sana.

"Huu nilisema nitarudi kuumalizia," akasema.

Agripina akamuuliza kutoka juu, bila ubaya, kama alikosa nondo ya shaba ya kuchimbia ethi ardhini. Akasema ndiyo, siku zile ilikuwa haipatikani hapa mjini, na mvua zilikuwa zinakaribia. Halafu akapata kazi nyingine, na nyingine.

Nikamkaribisha chakula. Akasema ameshiba. Akaondoka akiwa ameinamisha kichwa, na hasira yangu yote ya wiki nzima nikakosa pa kuiweka.

Ijumaa, 11 Julai

Umeme umewaka!

Asubuhi ilikuwa shida. Nondo ya ethi ilikataa kuingia, ardhi kavu, chini kuna jiwe. Agripina akaihamishia nyuma ya bafu kwenye unyevu, ikazama. Akapima, akapima tena, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Kisha akaniita nibonyeze kitufe cha majaribio cha kile kifaa. Nikabonyeza, nyumba nzima ikazimika — tak! Anasema ndivyo inavyotakiwa, kitakuwa kinakata umeme kabla mtu hajaumia. Glorious akaomba na yeye abonyeze. Akabonyeza. Akaomba tena.

Nimeshona hadi jioni. Mkono juu ya chuma cha meza, makusudi. Kimya. Nimejikuta naimba.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ndefu. Naandika huku nimekaa vibaya, nitaeleza.

Edmund alifika alfajiri. Agripina alikuja asubuhi kutukabidhi kazi, akawa anamwonyesha breka ipi ni ya chumba gani. Tukiwa kwenye chai Aidan akabisha hodi. Safari hii alibisha. Hakukaa. Macho yamemvimba kama mtu ambaye hakulala.

Alimgeukia Agripina, si sisi.

"Dada, nyumba ya mama niliifanya hivi hivi."

Edmund aliweka kikombe chini. Pasaka tulimpelekea mama birika la umeme, la bati. Agripina hakuuliza maswali mengi, alianza kukusanya vifaa. Wakaondoka watatu kwa pikipiki mbili, kuelekea Namswea.

Nikabaki na simu. Mama hapatikani, na msimu huu kutwa yuko kwenye kahawa yake. Nilipiga, nikafagia, nikapiga.

Alasiri Aidan akanipigia. Wamefika, mama mzima, walimkuta anageuza kahawa kwenye chekecheke la kuanikia. Meini imeshazimwa. Anasema alimweleza yeye mwenyewe, kila kitu, na mama alisikiliza bila kumkatiza. Hakumchangamkia Agripina, lakini alimtolea kigoda. Kisha akamuuliza Aidan jambo moja tu.

"Na kwako, penye kichanga?"

Kwake nako alifunga vile vile, akaniambia. Nikasikia kuku, nikasikia Agripina anaomba ngazi. Halafu Aidan akasema haraka haraka: shemeji, Restituta hapokei simu, na jioni huwa anachemsha maji ya kumwogesha mtoto kwa ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Baridi hii hawezi kuacha. Tafadhali.

Nilimshika Glorious mkono, tukashuka mbio hadi kwao.

Restituta alifungua mlango nusu. Nyuma yake niliiona ndoo sakafuni, waya umening'inia ndani, mvuke unaanza. Sikumsalimia hata. Nilimwambia azime ukutani kwanza, asiguse ndoo, anikasirikie baadaye. Sijui aliona nini usoni kwangu. Alizima. Kisha tukazima na meini, tukasimama mle ndani kwenye giza la jioni, yeye na mimi.

Nikamwambia maji tukayachemshie kwangu.

Amekuja. Njia nzima Glorious ndiye aliyeongea.

Sasa tuko jikoni. Beseni liko tayari, taulo liko tayari. Nimemwambia Restituta achomeke birika langu la umeme, soketi ni mpya, imepimwa. Ameishika plagi. Ameitazama soketi, akanitazama mimi. Akauliza kama kweli. Nikasema kweli, na mimi naitumia.

Akarudi hadi nilipokaa, akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mapajani. Nimshike kwanza, anasema, mpaka aone.

Nathanieli. Mzito kuliko nilivyodhani. Ameshika kidole changu na haachii, ndiyo maana mwandiko umekuwa hivi, naandika kwa mkono mmoja.

Mama yake amerudi kwenye soketi. Glorious amesogea, amesimama karibu naye, anamwambia mama mdogo, weka tu. Bado hajaichomeka.