Gesi Waliyoiita Nuru

Mama,

Shikamoo. Leo sitasubiri marahaba yako.

Kesho ni arobaini yako. Mchele wa hitima umeshafika kutoka Igunga, na nyumba yetu hapa Gongoni imejaa ndugu. Mdogo wako, Mama Mdogo Zuhura, amehamia chumbani kwako.

Unakumbuka uliponiuliza kazi yangu ya chuo ni nini hasa? Nikakwambia nachunguza mawingu yaliyo katikati ya nyota. Si ya mvua, ni ya gesi na vumbi kama masizi. Humo kaboni hukutana na oksijeni, zikashikana zikawa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo ikiganda juu ya vumbi, haidrojeni nayo huja ikajishikiza, mwisho inakuwa aina ya spiriti. Ukaziba mdomo: "Pombe mbinguni? Astaghfirullah! Usije ukamwambia shehe." Tulicheka hadi ukakohoa.

Sikukumalizia, Mama. Sikukwambia kwamba gesi hiyo hiyo hutoka kwenye mkaa, haina rangi wala harufu, na inaua. Kwa darubini za redio naitambua huko mbali kabisa. Kwenye jiko lako sikuifikiria. Asubuhi ile ya kipupwe, baada ya sala ya alfajiri, uliingiza jiko ndani, ukafunga dirisha, ukajilaza kidogo. Basi.

Waliokuosha walitoka wakisema midomo na viganja vyako vilikuwa vyekundu kama vya msichana. "Ni nuru hiyo. Mwisho mwema." Mimi nilijua ni gesi iliyoshika damu yako. Nikanyamaza. Faraja yao niliitaka na mimi, na niliona aibu: mtoto uliyemsomesha anajua ya kwenye nyota, akashindwa kumwambia mama yake afungue dirisha.

Leo asubuhi nimemkuta Mama Mdogo amejifungia na jiko lako. Nikalitoa uani. Akanigomba kwamba namnyima moto mtu mwenye baridi yabisi, na mimi sikuweza kumwambia sababu.

Kesho baada ya dua nitasema, mbele yao wote, kilichokuua. Naahidi. Watasema nimekuvua nuru yako, na wengine hawatanisalimia. Nisamehe, Mama. Mungu akulaze pema. Bora waninunie wakiwa hai.

Mwanao,
Mwajuma