Kiingereza cha Padri Wetu

Kebirigo, Julai 1953

Kwa ndugu yangu Jeconia Ouma,

Pokea salamu tele kutoka huku kwetu kwenye baridi. Joto la Kisumu bado halijakumaliza? Mama Akong'o amepata nafuu ya mgongo? Sisi hatujambo, na mke wangu Persis anakusalimu.

Uliuliza habari za ile kazi ya ukalimani mahakamani Kisii. Sikuipata, ndugu yangu, na roho inaniuma mpaka leo.

Unakumbuka tulivyojivunia darasa la Padri wetu, yule Mskoti? R zake zilitukaa vizuri sisi Wakisii, maana ulimi wetu nao unaziviringisha, na nyinyi watu wa ziwani mkatoka jasho kuziiga. Basi niliingia kwa Bwana Shauri, huyu afisa wa wilaya mwenye kutoa kazi hiyo, kijana Mwingereza aliyefika majuzi tu, nikamjibu maswali yake hivyo hivyo kwa madaha. Akaniomba nirudie. Nikapaza sauti, nikidhani ana shida ya masikio. Akakunja uso, akasema haelewi kitu.

Bahati nzuri, au niseme mbaya, Padri alikuwa barazani ameleta shauri la kiwanja cha kanisa. Nikamwomba karani amwite anishuhudie kwamba ndiye aliyenifundisha. Akaja. Ouma, kinywani mwake kilitoka Kiingereza kingine kabisa! Laini, r zote zimemezwa, na Bwana Shauri akaelewa kila neno. Kumbe alikuwa nacho miaka yote, sisi akatupa kile cha nyumbani kwa mama yake, wala hakutuambia kwamba kuna kingine.

Hilo ningelisamehe. Lakini Bwana Shauri alimuuliza nimeyatoa wapi matamshi yale, naye akacheka, akasema ndivyo Wakisii wanavyokiharibu Kiingereza, yeye amejitahidi akashindwa. Aliyasema mbele yangu, akijua namwelewa. Tangu utotoni nilimwita baba, naye akaniuza kwa kicheko.

Jumapili akapanda mimbarini, akaanza kuhubiri kwa kile kile Kiingereza chetu, akaningoja nitafsiri kama kawaida. Nikabaki nimekaa. Akaniita kwa jina. Nikasimama, nikawaambia washirika kwa lugha yetu ya Ekegusii kwamba mimi Kiingereza cha mzee huyu sikielewi. Mwingine wa kutafsiri hakuwepo, tukaimba wimbo mmoja, tukatawanyika. Persis anasema nimeaibisha nyumba ya Mungu. Labda. Lakini hata leo asubuhi Padri ametuma mtu kuniita, na sijaenda.

Wasalimie Benter na wote wanaotukumbuka huko. Nawe ukienda kuomba kazi kwa Mzungu, usimtaje mwalimu wako.

Ni mimi nduguyo,
Zachariah Omwenga