Mama, Mbuzi na Watu Elfu Sita

Herieth,

Maharage yapo jikoni, ukitoka saluni yaongeze maji yasiungue. Mbuzi nimemfunga vizuri, maana sasa ni mtu maarufu.

Hongera, mwanangu. Miezi mitatu chaneli yako inafundisha kusuka nywele, watazamaji kumi na wawili, na baba yako amehesabiwa mara nne. Leo asubuhi umemrusha mtandaoni mama yako akimkimbiza mbuzi na mwiko, kanga ikimdondoka, bila hata kuniuliza. Kufika mchana, watu elfu sita! Nimejua hayo sokoni Mazwi, muuza nyanya aliponiuliza, "Mama Herieth, mbuzi alikamatika?" Kwa aibu nikaondoka bila nyanya.

~~Ifute hiyo video leo leo.~~

Usiifute. Bibi yako amepiga simu kutoka Mwimbi. Binamu zako wamemwonyesha, akacheka mpaka akakohoa. Tangu tumzike babu yako sikuwa nimemsikia akicheka. Naenda kulala kwake siku mbili, tucheke wote.

Siku nyingine ukitaka kunirekodi, niombe kwanza. Nitavaa gauni la kanisani.

Mama yako