Sahani Sita za Watu Watano

Jumatatu, siku ya pili ya arusi. Jua limeamka na hasira zake, upepo hakuna, na tumbo langu halijatulia tangu jana.

Iandikwe hapa ili wajukuu wasije wakadanganywa: kutoka Mlingotini mpaka Saadani hajazaliwa mtu anayejua kukadiria kama mimi Kombo. Wakati wa vita bwana mkubwa mmoja wa forodhani aliniita nimwambie ghalani mna magunia mangapi. Sikufungua hata mlango. Nilinusa kwenye tundu la kufuli, nikamwambia mia mbili. Wakahesabu siku nzima, wakapata mia mbili na moja, na hilo moja lilikuwa tupu.

Shule niliachia darasa la pili. Mwalimu mwenyewe aliona hana tena cha kuniongezea.

Basi dada yangu Mwajuma alikuwa anamwoza binti yake, Mwanahawa, kwa kijana wa Msata. Mjomba ni mimi, na mjomba kwetu si mtu wa kukaa pembeni. Alhamisi niliingia uani, wanawake wamekaa wanapanga chakula, nikasema kabla sijaulizwa: "Mchele pishi kumi. Nimekwisha kukadiria."

Dada akashika tama. Ana haki ya kuogopa. Siku ya arusi yake mwenyewe pilau iliisha wageni wangali wananawa mikono, na mpaka leo mawifi zake wanamwita Bibi Ukoko. Aliapa mwanawe hatarithi jina hilo.

Bi Tatu, mpishi wa arusi zote za mtaani kwetu, hata macho hakuinua. "Hizo pishi kumi umezipataje, Bwana Kombo?"

"Kwa jicho."

"Jicho limeona nini?"

Nikamwambia limeona pishi kumi. Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao, nikidhani wananisifu.

Bi Tatu akaagiza ungo na mahindi makavu. Punje moja, sinia moja. Sinia moja, watu sita. Na kila sinia kisaga cha mchele, yaani nusu pishi. Kisha akaanza kuuliza maswali, utadhani karani wa mahakama. Malori ya Msata moja au mawili? Mawili. Watu watakaa au watasimama? Watasimama. Akaweka punje kumi na mbili. Akazitaja nyumba za mtaa wetu moja moja, nani ana mgonjwa, nani amefikiwa na wageni. Watu wa Mlingotini aliwawekea punje nane, halafu akakumbuka wana msiba, akaondoa tano. Aliuliza mpaka habari za mvua, maana ikinyesha ile njia ya Msata hulilaza lori matopeni.

Alipomaliza, ungoni mlikuwa na punje arobaini na mbili. Pishi ishirini na moja.

"Na huko nako ni kukisia tu," nikamwambia. "Wewe unajua nani atakuja?"

"Sijui. Lakini nikikosea, nitarudi kwenye ungo nione nimekosea wapi. Wewe ukikosea utatafuta wapi? Jichoni?"

Nilikuwa namvizia.

Nikamkamata kwenye punje ya mwisho. Hiyo, alisema, ni ya watu wa nyumbani, sahani sita zitakazofunikwa jikoni mpaka wageni washibe: ya dada, ya shemeji, ya somo, yule mwanamke anayemfunda bibi arusi na hatoki chumbani, ya mpishi mwenyewe, na yangu.

"Hao watano!" nikapiga ukelele.

"Sita," akasema, akaendelea kukuna nazi.

Nikaenda barazani kuwatangazia wanaume kwamba hesabu imemshinda Bi Tatu.

Jana malori yakaja mawili, watu wamesimama. Masinia yakatoka, yakazidi kutoka. Nilikuwa nangoja yaishe kabla ya watu, Mungu anisamehe, na hayakuisha. Watu wa Msata walishiba mpaka wakaanza kuusifu ukuta. Kwa zile pishi zangu kumi, nusu ya uwanja wangelamba vidole vikavu. Dada nilimwona mlangoni akijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Wakwe waliponiuliza ni nani aliyekadiria chakula kizuri namna hii, nilishusha macho kama mtu mnyenyekevu. Sikusema ni mimi. Sikusema si mimi.

Mara kelele jikoni: sahani moja haionekani.

Nikafika mbio. "Sikuwaambia? Sahani sita hazikutosha watu watano! Makadirio gani hayo?"

Sahani ya mwisho iliyobaki Bi Tatu akampelekea somo chumbani. Yeye akainama kwenye sufuria, akakwangua ukoko, akaula amesimama. Kisha akanitazama ndevu, kwa muda mrefu.

Nilipopapasa, nikakuta punje ya pilau.

Leo asubuhi nimempelekea samaki, changu wawili wabichi, nikamwuliza, kama mtu asiye na shida, ile sita aliitoa wapi.

"Wewe nilikuhesabu wawili," akasema. "Nakujua tangu utoto."

Nimerudi na kukaa na kalamu hii tangu adhuhuri. Mimi nilitamka namba kwa kuwa mdomo ulikuwa wazi. Yeye aliweka hata tumbo langu ndani ya ungo, na alichokosea ni sahani moja tu.

Ya kwanza ilikuwa haki yangu. Ya pili niliila kwa kuonja chumvi. Ya tatu niliila nimechuchumaa nyuma ya pipa la maji, na chumvi nilikuwa nimekwisha kuijua.