Chupa Tatu za Baba

Baba yangu uliyenitangulia,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ngazini, mlango wa stoo yako umefungwa chini yangu, na gololi zinagonga ndani ya chupa. Najua hakuna anayezigusa. Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike, na kila siku baada ya alasiri nazisikia. Nikifungua mlango nazikuta chupa zimetulia. Sipendi kusema nimeogopa, maana ulikuwa ukinicheka kwa woga wangu. Lakini nimeogopa.

Unakumbuka ulivyohamishia kila kitu nyumbani, watu walipoacha kuja studio kupigwa picha kwa kuwa kila mmoja ana simu yake? Stoo ya chini ya ngazi ikawa chumba chako cha giza. Friji yetu ikawa na samaki juu na mikanda ya picha chini, ndani ya kopo la maziwa, na mgeni akiifungua kutafuta maji baridi unamkemea bila haya. Dawa za kusafishia mikanda ulizitia kwenye chupa za kahawia, ukadumbukiza gololi moja moja mpaka dawa ikapanda mdomoni, hewa isipate pa kukaa. Watoto wa mtaani walikulaumu kwa kila gololi iliyopotea, na mara nyingine walikuwa na haki. Nilikuuliza kwa nini huandiki jina juu ya chupa. Ukanijibu, "Gizani utalisoma kwa jicho gani?" Kazi yangu ilikuwa kuhesabu dakika kwa sauti. Chupa uliijua wewe, kwa mkono wako. Nilizipenda saa zile kuliko sikukuu.

Mkanda mmoja tu hukuusafisha. Ulipiga picha nusu ya harusi za mji huu, lakini mama alikukatalia miaka yote. "Mie sitaki kutundikwa ukutani nikatazamwa," alikuwa akisema. Alikubali mara moja, akiwa na mimba ya Salma, pale dirishani jikoni. "Piga moja, kisha uniache nipike." Nilikuwepo, nina miaka tisa. Wiki ile ile akafa akijifungua, Salma akachukuliwa na bibi kulelewa kijijini Bwejuu, na mkanda ukaingia kwenye kopo. Kila Salma alipokuja mjini alikuomba picha, nawe ukamwambia bado. Nadhani uliogopa kumwona mama tena. Sikukulaumu, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuisahau sura yake.

Kisha ukaugua, ukajua huponi. Ukajikongoja mpaka stoo, ukachanganya dawa ya unga ya mwisho uliyokuwa umeihifadhi, ukatoka umelowa jasho. Ukaniambia, "Nshakuwekea, mwanangu. Zimo rafuni kwa mpango wake. Anzia ya mwanzo, umalizie ya mwisho. Msafishie mdogo wako mkanda wake, na usikawie, dawa itakufa." Nikasema, "Haya, baba." Siku nne baadaye tukakuzika.

Nilingoja hitima ya siku ya tatu ipite. Nyumba nzima ilikuwa inanukia udi na ubani, hata nywele zangu, kwa hiyo pua haikunisaidia kuzitambua dawa kwa harufu. Niliupakia mkanda kwenye tangi lake gizani kwa vidole, kama ulivyonifundisha, nikafunga kifuniko kisichopitisha mwanga, nikawasha taa. Chupa tatu zilikuwa zimejipanga rafuni. Nikaanza na ya kushoto. Nikahesabu dakika kwa sauti, kama zamani.

Mkanda ulitoka mweupe kama kioo. Hata namba za pembeni, ambazo kila mkanda hutoka nazo, hazikuwepo. Niliuinua kwenye taa, ndipo nikakuona akilini: unavaa kiatu cha kulia kwanza, unafungua msahafu, unaandika vipimo vyako vya dawa kwa herufi za Kiarabu kwa sababu wewe ulisoma chuo cha Kurani tu, skuli hukwenda. Mwanzo wako ulikuwa kulia. Mimi niliisoma rafu yako kama daftari langu la skuli, nikaanza na dawa ya mwisho, ile inayoondoa kila ambacho hakijatokea. Picha ya mama ilikuwemo miaka yote ile, baba. Niliyeifuta ni mimi.

Hayo peke yake ningeyabeba. Lakini Ijumaa iliyofuata Salma alirudi mjini, kucha zake bado zina chumvi ya mwani anaoulima, akaniuliza kabla hajakaa, "Dada, ishatoka?" Nikamwambia mkanda ulikuwa umekufa kitambo. "Baba aliuweka mno," nikasema. Uongo ulinitoka kabla sijaufikiri. Hakulia. Alijifunga buibui lake akasema, "Alikuwa naye ndani ya friji miaka yote, akamwacha akaoza." Tangu siku hiyo ukitajwa, sote tunasema Mungu amrehemu, yeye ananyamaza. Wiki iliyopita kule Bwejuu jirani alikutaja, nikamtazama Salma mdomoni. Hakuufungua. Unanyimwa dua ya mwanao kwa ajili ya ulimi wangu, na naona aibu hata kukutaja katika dua zangu mwenyewe.

Najua barua hii haikufikii. Kwa hiyo kesho naipeleka Bwejuu, nimpe Salma mkononi, nikae mbele yake mpaka aimalize. Sijui kama atanisamehe. Ningekuwa yeye nisingefanya haraka.

Salma, ukifika hapa, inua macho unitazame. Baba hakuchelewa. Alisimama kwa miguu isiyoweza tena kumbeba, akakuandalia kila kitu. Aliyekupotezea mama ni mimi. Nikasirikie mimi, na yeye mwombee.

Buriani, baba. Niwie radhi.

Mwanao mkubwa,
dada yake Salma