Kitabu cha Ishirini na Mbili

Knockarra, Tipperary
6 Machi 1988

Mwanangu Assumpta,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Virginia. Mimi nipo. Goti la kushoto huniuma mvua ikinyesha, yaani huniuma kila siku. Shangazi yako Nonie anakusalimu na anauliza kama umeshaolewa. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, nisije nikaliwa mimi.

Nina shida moja. Chama cha msako wa mbweha kimepata mwongoza mbwa mpya, kijana wa Limerick mwenye meno mengi, na nyumba hii ya banda la mbwa ni ya kazi, si yangu. Mwezi wa Juni nahamia kwa Nonie mjini. Chumba atakachonipa kina kitanda na picha ya Moyo Mtakatifu, basi. Vitabu vyangu havitaingia. Unavijua, vile vya kila siku ya msako tangu mwaka 1949: upepo ulitoka wapi, mbweha alitokea kichaka gani, mbwa gani aliongoza, tulimpotezea wapi. Nilikuwa naviandika kabla sijavua buti, na mama yako alikuwa akinigombeza kwa sababu ya matope. Nilitaka kuvichoma na takataka za bustani, halafu nikakumbuka kwamba wewe unalipwa mshahara kwa kutunza takataka za namna hii.

Na ipo ile picha kubwa pia.

Baba yako


Virginia
21 Machi 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo zangu zikufikie wewe na goti lako. Mimi sijambo, nakula, nalala. Mwambie shangazi sijaolewa na sina dalili.

Usichome hata karatasi moja! Nilimsomea barua yako mkubwa wangu, Bibi Thornhill, nusura aanguke kitini. Maktaba yetu imejaa vitabu vya mabwana waliopanda farasi nyuma ya watu kama wewe, kisha wakakaa wakiota moto wakaandika jinsi walivyokuwa hodari. Kuta zetu zimejaa picha zao. Lakini cha mtu aliyekuwa mbele kabisa na mbwa, akaandika siku hiyo hiyo, hatuna hata kimoja. Bibi Thornhill anasema usafiri wa sanduku ni juu yetu.

Nakuomba sana: usivisafishe na usivipake kitu chochote. Matope yake nayo tunayataka.

Picha ilete. Ni ile ambayo Fintan ameshika hatamu za farasi jike wa kijivu na mbwa wamemzunguka, sivyo? Mchoraji yule alikula kwetu mwezi mzima. Miaka saba sasa tangu tumzike, Baba, na nikiandika jina la mdogo wangu sisikii kitu, kama mkono uliolaliwa. Sijui kama nawe ni hivyo.

Mwanao


Knockarra
30 Mei 1988

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia hujambo. Huku wote wazima isipokuwa ng'ombe wa jirani yetu Culligan.

Barua yako ilinikuta nimeshavipaka. Majalada yalikuwa yamekauka, nikayapa mafuta ya tandiko, yale mazuri. Yamelainika vizuri sana. Picha nimeisugua kwa kiazi kibichi kilichokatwa katikati, kama bibi yako alivyokuwa akifanya kwa picha za watakatifu. Usinipigie kelele, yameshatokea.

Sanduku limeondoka Jumatatu. Culligan alisaidia kulipakia, kisha akatangaza baani kwamba Wamarekani walichukua watu wetu, sasa wamerudia matope yetu. Watu walicheka. Mimi nilikunywa nusu glasi nikarudi.

Umeuliza kama nami ni hivyo. Nalisha kuku, nakwenda Misa, narudi.

Baba yako


Virginia
2 Agosti 1988

Baba,

Natumaini umeshazoea kwa shangazi na kwamba anakupikia kitu kingine zaidi ya kabichi. Mimi mzima.

Sanduku limefika. Mafuta yako yamepenya mpaka kurasa za mwanzo, na kuna panya mmoja wa Tipperary aliyependa ladha yake njiani. Kiazi kimeacha ukungu kwenye mbwa watatu. Nausafisha kwa pamba na mate, polepole, eneo dogo kama ukucha kila siku. Usicheke, hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mate ndiyo dawa bora tuliyonayo. Nimeshamfikia Fintan begani.

Vitabu nimevisoma vyote. Mtu akivisoma anaweza kuivuka wilaya nzima usiku bila taa. Bibi Thornhill anakaa na mimi jioni ananiuliza kila kichaka kilipo, nami najikuta najibu kama niliyetoka huko asubuhi.

Lakini vimefika ishirini na kimoja. Mwisho wa cha ishirini na moja, Novemba 1980, umeandika: "Kurasa zimekwisha. Naendelea katika kingine." Hicho kingine kiko wapi? Uliongoza mbwa mpaka mwaka jana.

Mwanao


Mjini, kwa Nonie
11 Desemba 1988

Mwanangu Assumpta,

Heri ya Krismasi inayokuja. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na barua yako mfukoni tangu Agosti, Nonie ameifua na koti mara moja.

Kitabu kipo. Kilikuwa chini ya godoro bandani, na sasa kiko chini ya godoro hapa. Kimeandikwa mpaka tarehe 17 Januari 1981, siku aliyokufa Fintan. Baada ya hapo ni kurasa tupu. Niliongoza mbwa miaka saba mingine sikuandika mstari.

Unaijua desturi yetu. Mwongoza mbwa hasimami kwa ajili ya aliyeanguka. Mbwa wakiachwa watakwenda barabarani, au watavamia kondoo wa mtu. Wa kuokota watu wako nyuma. Baba yangu alifanya hivyo na babu yangu alifanya hivyo. Basi siku ile nilisikia makelele nyuma, kwenye mtaro wa Lisheen. Nilijua kuna aliyeanguka. Sikujua ni nani. Nikaenda na mbwa kwa muda wa saa moja na dakika kumi, na niliporudi alikuwa ameshafunikwa koti la mtu.

Jioni wakamlaza chumba cha mbele. Mimi nikakaa jikoni na buti zangu miguuni, nikaandika. Zilikuwa mbio bora za maisha yangu, nami nikaandika hivyo. Ndiyo sababu nilikificha.

Ulipofika kesho yake kutoka Dublin uliniuliza kama nilimshika mkono. Nilisema ndiyo. Haikuwa kweli.

Nimekituma leo kwa posta. Fanya utakavyo.

Baba yako


Mjini
3 Machi 1989

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima, Nonie mzima. Sijapata barua yako tangu ile ya Agosti. Mtu wa posta ananikwepa siku hizi, nadhani amechoka kuulizwa.

Nataka tu kujua kama kilifika.

Baba yako


Virginia
9 Aprili 1989

Baba,

Kilifika tarehe 4 Januari. Kimekaa miezi mitatu kwenye mtoto wa meza yangu kikiwa kimefungwa. Sikuwa na hasira, kama ulidhani hivyo. Nilikuwa nafungua mtoto wa meza, nakiona, nafunga, naendelea na kazi.

Wiki iliyopita nilikifungua. Ukurasa wa tarehe 17 ni mzuri kuliko wote uliowahi kuandika, na hilo ndilo lililonichosha. Upepo wa kusini magharibi, harufu ya mbweha imelala chini, mbwa wako Comfort anaongoza toka kichaka cha Lisheen mpaka mtoni, unamtaja mara sita. Unamsifia sauti yake na pua yake. Chini kabisa: "Mpanda farasi mmoja alianguka mtaro wa Lisheen. Hakuinuka."

Najua, kitabu cha mbwa hakitaji watu. Mbwa wana majina, watu hawana, katika vitabu vyote ishirini na viwili. Hata wiki ya mazishi ya mama umeandika "Hatukutoka," basi. Nilikulia katika nyumba hiyo, huna haja ya kunieleza. Lakini mimi ndiye ninayeandika kadi ya kila kitabu, na kadi ina mstari wa watu waliotajwa ndani. Nimeketi mbele ya mstari huo siku nne. Siwezi kuandika jina ambalo halimo. Msomaji atakayekuja baada ya miaka mia atamjua Comfort mpaka rangi ya mkia wake, na mdogo wangu atakuwa mpanda farasi mmoja.

Kwetu hapa anayetia kalamu ndani ya kitabu cha zamani anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Mwenye kuandika ni aliyekianza. Kwa hiyo nakirudisha kwako kwa posta, na Bibi Thornhill hajui. Andika jina lake, Baba. Sitaki kingine.

Mwanao


Mjini
20 Mei 1989

Mwanangu Assumpta,

Natumaini u mzima. Nakirudisha kitabu, nimekifunga kwa gazeti na nailoni.

Nimeandika jina. Fintan Heffernan, miaka kumi na tisa, mwanangu. Ilinichukua asubuhi nzima, na Nonie alidhani naandika wosia. Wino wa siku hizi ni mbaya, utaona unavyotofautiana.

Nilipokuwa nimeshika kalamu niliandika na mengine, kwa tarehe ya leo, chini ya yale ya zamani. Ni afadhali uyasikie kwangu kabla hujayakuta humo. Nilikwambia sikujua ni nani. Yule farasi wa kijivu alinipita upande wa kushoto, tandiko tupu, hatamu zinaburuta chini, karibu nimguse. Hakukuwa na mwingine wa kijivu katika msako wetu, na asubuhi ile nilimfunga kamba ya tumbo kwa mikono yangu. Nilimjua. Wakati huo huo Comfort alianza kulia kichakani, amenasa harufu ya mbweha. Nikasema moyoni, kijana amevunjika mkono kama kila mtu, atanitukana jioni. Nikapiga baragumu nikaenda na mbwa.

Daktari aliniambia aliishi dakika arobaini pale mtaroni, na alikuwa akisema. Sikuuliza alisema nini.

Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa. Usiponiandikia tena nitaelewa.

Baba yako


Virginia
2 Julai 1989

Baba,

Salamu kwako na kwa shangazi. Kitabu kimefika, hakikulowa.

Nilikisoma nimesimama. Kisha nikachukua kadi, nikaandika kwenye mstari wa watu: Fintan Heffernan. Nikakiweka rafuni baada ya cha ishirini na moja. Bibi Thornhill ataona wino mpya siku moja na ataniuliza, nami nitamwambia ukweli, anifukuze akitaka.

Sijalia. Nilikaa nikangoja nilie, machozi hayakuja, nikaenda kula mkate na jibini pamoja na wenzangu. Waliniuliza nina nini, nikasema meno. Miaka yote hii nilidhani ganzi hii ni yangu peke yangu, kumbe tulikuwa nayo wawili.

Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Sisemi hivyo ili uumie. Tumedanganyana vya kutosha. Nimekata tiketi ya ndege ya tarehe 12 Agosti. Mwambie shangazi anitandikie popote, hata sakafuni. Nataka unipeleke Lisheen kwa miguu, na goti lako hilo hilo, unionyeshe alipolala yeye na ulipopita wewe.

Mwanao