Swali Nililokujibia

Mji wa Kale, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Nasiha,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, alhamdulillahi, na nataraji barua hii itakukuta wewe na shemeji Abdulbasit mu wazima huko Nakuru, na hiyo baridi yenu haijawagandisha. Kile kikohozi kimekwisha? Na watoto wa skuli yako ya viziwi, wangali wanakuchokoza kwa namna unavyovaa masweta mawili? Mama anakusalimu sana. Magoti yamemkamata tena, ngazi hashuki, lakini ulimi haujambo. Asubuhi ya leo amegombana na muuza samaki kutoka dirishani mpaka yule bwana akaondoka anajisemea peke yake. Ami Gharib naye anakusalimu, anauliza lini utakuja.

Najua bahasha itakushangaza. Utasema Fadhiya amepata wazimu, kila Ijumaa tunaonana kwenye simu, barua ya nini tena? Ngoja. Mimi na wewe tuna ishara zetu za nyumbani, za "njoo ule" na "Mama amekasirika" na "fulani anaolewa". Haya ninayotaka kukwambia leo hatukuyatungia ishara. Na kwenye simu ungeniangalia usoni, nami ningeyageuza maneno katikati ya njia kama nilivyozoea. Isome mwenyewe, tafadhali, wala usimpe Abdulbasit mpaka uwe umeimaliza. Baada ya hapo ni juu yako.

Nimekutamani, Nasiha. Sijui nikwambie vipi. Tangu mhame, chumba chako nakifagia kila Alhamisi kama kwamba mgeni yu njiani. Na lile zoea la kugonga sakafu kwa mguu ili uhisi mbao zikitikisika ushuke kula, wallahi halijanitoka. Juzi nimepakua wali, nikagonga mara mbili. Mama akanitazama, nami nikajitia kuwa naua mende. Nyumba ni ile ile ya babu lakini imetuzidi ukubwa, tunakaa wawili pembe moja tu.

Zile pesa ulizotuma zimefika. Nimesoma na ujumbe wako, kwamba hilo ni fungu katika fidia uliyolipwa na hospitali, nimchukue Mama twende Umra, kwa kuwa mimi nilikuwa mdomo wako siku ambayo hukuwa na mwingine. Mama aliposomewa alilia, akaanza kutafuta pasipoti. Mimi nilikwenda jikoni nikafunga mlango. Sijazigusa, na hapa ndipo barua yangu inapoanza.

Nataka niyapange tangu mwanzo, ingawa unayajua, ili uone pale nilipoingia mimi. Mimba yako yote, kila ulipokwenda kliniki ya ile hospitali, uliwaandikia kwenye karatasi kwamba wewe ni kiziwi na unaomba mkalimani wa lugha ya ishara. Kila mara walikujibu kwa karatasi hiyo hiyo kwamba hawana, uje na jamaa. Siku ile ulipoona damu, Abdulbasit alikuwa njiani na lori, karibu na Malaba. Ukaenda peke yako kwa tuktuk, ukaandika tena. Wakakuweka kwenye benchi wakisubiri jamaa. Mimi nilikuwa na mikate ya sinia jikoni, simu iko chumbani, na walipopiga mara ya kwanza na ya pili sikusikia. Nilipofika, adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha toka. Daktari alipokupima tumbo kwa mashine akanivuta pembeni, akaniambia moyo wa mtoto umesimama, na kwamba lazima wakupasue sasa hivi wakuokoe wewe. Akaniambia nikufahamishe.

Nawe ukanitazama. Nikakuonyesha kwamba mtoto amechoka, watamtoa haraka. Hilo, baraza lililosikiliza mashtaka yako juu ya hospitali lililiuliza, nikalikubali mbele ya watu, na wewe ulinisamehe pale pale ukumbini. Ulisema nilikuwa dada tu, sikuwa mkalimani, na kosa ni la walionitwika kazi nisiyoijua. Mwenyekiti wa baraza akaandika vivyo hivyo: kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kukuletea mkalimani na ikakunyima, kwamba ilipe fidia, na iajiri mkalimani. Wamemwajiri, unajua? Anaitwa Sheryl, kijana mwenye miwani. Nilipita wiki jana nikamwona amekaa na bibi mmoja kiziwi wa Bondeni, wanacheka. Nilisimama pale mlangoni mpaka askari akaniuliza kama nimepotea.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Nasoma. Usicheke! Yule Awiti, mkalimani aliyekuwa akikufasiria kwenye baraza, ana darasa la lugha ya ishara kila Jumamosi, na mimi, na umri wangu huu na kisukari changu, nimejiandikisha. Nilitaka nikustaajabishe utakapokuja Idi, nikwambie maneno ya maana kwa lugha yako mwenyewe uliyoisomea, si hizi ishara zetu za jikoni. Vidole vimekuwa vigumu, lakini nakwenda. Awiti ni mpole ila hana mzaha na kazi yake. Husema mkalimani haongezi wala hapunguzi.

Jumamosi ya mwezi uliopita alitupa zoezi. Mmoja awe muuguzi, mmoja awe kiziwi, mmoja mkalimani. Mkalimani nilikuwa mimi. Muuguzi akaniuliza kama mgonjwa amekula. Nikajibu, ndiyo, amekula. Awiti akanisimamisha. Akaniuliza, aliyeulizwa ni nani? Darasa zima wakacheka, nami nikacheka nao, maana wewe wanijua, miaka yote hiyo nimekujibia. Nimekuchagulia leso. Walipokuja kukuposa nikawaambia umekubali kabla hujajua wamefuata nini, na bahati yangu ukampenda. Wakumbuka mihogo ya kukaanga ya kule ufukweni Mama Ngina? Tangu utotoni nilikuagizia isiyo na pilipili kwa kuwa eti huipendi, mpaka Idi ile Abdulbasit akakununulia ya kwake, pilipili imejaa na ndimu juu, ukaila na karatasi ukailamba. Una miaka thalathini! Tulicheka mpaka machozi.

Basi nilikuwa nacheka darasani, halafu nikakumbuka swali jingine nililokujibia. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi na buibui langu nimelifunika usoni. Awiti akanifuata, nikamwambia ni kisukari.

Si kisukari, Nasiha. Ni hili.

Walipokutoa chumba cha upasuaji ulikuwa ungali umelala kwa dawa. Nesi Nasipwondi akanijia na mtoto mikononi, amemfunga kwenye shuka nyeupe. Akaniuliza kama wewe, ukiamka, utapenda kumwona mwanao na kumpakata. Akasema atamweka, hata ikiwa ni mpaka magharibi. Alisema anajua dini yetu inataka haraka, lakini saa mbili tatu hazitamdhuru mtu. Mimi nikamjibu kwamba hutaki. Akaniuliza mara ya pili. Akaniomba tusubiri uulizwe mwenyewe, maana mtoto ni wako. Nikamwambia mimi ndiye dada yake, mimi ndiye nimjuaye, hataki kumwona, tupeni tukazike. Sikusema sijui. Nilisema hutaki, na wewe ulikuwa hatua nne kutoka hapo, umelala.

Ulipoamka mikono yako ilianza kumtafuta kabla hujafungua macho vizuri. Wakati huo Ami Gharib alikuwa amekwisha rudi kutoka makaburini.

Ningeweza kukupa sababu. Wakubwa wetu walituambia mama akiuona uso wa mtoto aliyekufa maziwa hayakatiki na akili haikai. Ami alikuwa chini ya ngazi na sanda kwapani. Nilikuwa nakusitiri, ndivyo nilivyojiambia miaka hii yote, na wanawake wa mtaani walipokuja matangani walinisifu kwamba nimefanya kama mama yako. Lakini barua hii sikuiandika nijipambe. Ukweli ni kwamba niliogopa macho yako. Ungeamka naye yupo, ingenilazimu mimi nisimame baina yako na yeye na kukwambia, kwa mikono hii, kwamba nilikudanganya saa ile na kwamba amekufa. Akishazikwa, nilijua nitaepukana na hilo.

Na bado nikaongeza. Wakili wa hospitali aliniuliza mbele ya baraza kama mama aliulizwa iwapo anataka kumwona mtoto. Nikajibu kwamba Nasiha hakuulizwa. Ulimi haukusema uongo, lakini mimi nilisema uongo, na Mwenyezi Mungu alinisikia. Nilimwona Awiti akikufasiria jibu langu, nikakuona ukafumba macho. Ukasimama ukasema kwamba fidia watoe wasitoe, wewe ulikuwa unataka kitu kimoja tu, kuuona uso wa mwanao mara moja, na yule nesi amekuibia. Nesi mwenyewe alikuwa keshaacha kazi, amekwenda ng'ambo, na katika daftari hakuandika kitu, hapakuwa na wa kumsemea. Mpaka leo ukimtaja kwa ishara unatema mate. Usimtemee tena. Alilia, Nasiha. Aliponikabidhi mtoto alikuwa akilia kuliko mimi.

Nimemuuliza Awiti kwa kuzunguka, bila kutaja majina. Akasema swali lile halikustahili kuulizwa jamaa hata kidogo, wangeleta mkalimani asubuhi lisingefika kwangu, na fidia ni haki ya mgonjwa vyovyote iwavyo. Huenda ni kweli. Hilo ni lao na watajibu wao. Hili ni langu. Ukitaka, barua hii mpelekee wakili wako, na wakiniita tena nitakwenda, nitasema yote, hata kama mji mzima utanisema. Maji nimeyavulia nguo. Fungu la Umra nimelifunga kwenye bahasha, liko kabatini, sitalitumia. Mama nimemwambia safari ingoje. Hajui kwa nini, na ananinunia.

Sasa nikupe kilicho chako, nilichokaa nacho miaka mitano. Mimi nilimwona. Nilimpakata mimi, na nilisaidia kumwosha. Nywele zake zilikuwa nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye nyusi. Paji la uso la baba yetu, lile pana. Mdomo ni wako, wa juu umenyanyuka kidogo kama mtu anayetaka kubisha. Chini ya jicho la kulia palikuwa na kidoti kidogo cheusi. Nilidhani ni uchafu, nikakipangusa, hakikutoka. Sikio la kushoto ncha yake ilikuwa imejikunja kwa mbele, mfano wa kona ya sambusa, nikainyoosha kwa kidole ikarudi pale pale. Vidole vyake vilikuwa virefu, na kucha zimekwisha kuota, zinataka kukatwa. Alikuwa na uzito. Nilipomwinua mkono wangu ulichoka. Hakuwa wa kutisha hata kidogo, mamangu. Alikuwa mzuri, amekunja ngumi moja chini ya kidevu. Mimi niliyesema hutaki kumwona, nilisimama naye muda mrefu kwa kuwa nilishindwa kumwachia Ami.

Ami alimwita Zakariya alipomzika, na hilo ni jina letu sisi tusikiao. Awiti ametufundisha kwamba nyinyi hampi mtu jina la ishara mpaka mumwone, mkachagua kitu cha usoni mwake au mwilini mwake. Ndipo nikafahamu kwa nini, kila unapomtaja mwanao, mikono yako hufika mahali ikasimama. Basi hivyo ndivyo alivyokuwa. Sikio, kidoti, ngumi chini ya kidevu. Chagua wewe. Mimi sina rai, na hata kama ninayo sitaisema.

Msalimu Abdulbasit, na umwambie kwamba yeye pia ninamtaka radhi, maana alirudi safari akakuta kaburi tu. Wape salamu watoto wa skuli. Mama anakwambia uvae soksi. Ijumaa baada ya isha nitakaa na simu mbele yangu, taa nimewasha vizuri ili mikono ionekane. Usipofungua nitaelewa, na Ijumaa ya pili nitakaa tena. Ukifungua, sikuombi useme neno lolote. Ila kama utakuwa umekwisha mpa jina, na moyo wako ukakuruhusu, nionyeshe.

Ni mimi dada yako, nikutamaniye,
Fadhiya